Gauni la Kumi na Nane

Jumapili, 2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza. Kama umesimama mezani na mkasi mkononi, uweke chini, maana sitaki uharibu kitambaa cha mtu kwa ajili yangu.

Leo nimemaliza kuchora namba zenu zote za kina cha maji, za miaka minne. Visima kumi na viwili, wapimaji kumi na wawili wa kujitolea, kila Jumamosi asubuhi, inyeshe isinyeshe. Hapa kituoni tuko watafiti watatu na gari moja bovu. Tungekesha na kukesha tusingepata hata robo ya hizi namba. Zimeletwa na ninyi: fundi cherehani, mwalimu mstaafu, kinyozi, mama wa duka la sabuni. Nilikuwa naweka nukta moja moja kwenye karatasi.

Visima kumi na kimoja vinashuka. Ukiacha kupanda na kushuka kwa msimu wa mvua, kila kimoja kimepoteza kati ya sentimita thelathini na arobaini na tano. Cha Mwalimu, mtaa wa pili tu kutoka kwako, kimeshuka thelathini na tisa. Cha kumi na mbili hakijashuka hata sentimita mbili, na ni chako!

Nina nadharia. Naamini chini ya uwanja wako mwamba umepasuka na kuna mkondo unaolisha kisima chako peke yake. Mkuu wa kituo, ambaye siku zote husema "sawa" basi, aliisoma karatasi yangu mara mbili akasema "hebu". Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Na mambo yamekuja wakati wake. Kile kiwanda cha maji ya chupa kimeomba kibali cha kuchimba kisima kirefu cha pampu maeneo ya kwenu. Kamati ya vibali inakaa tarehe 28. Wakiruhusiwa kuchimba mahali ambapo maji yanashuka, visima vyenu vitakauka, kwa hiyo namba zenu ndizo zitakazoamua.

Mkuu ameomba nieleze hatua zote unazofuata kupima. Ni utaratibu tu. Niandikie, utume kwa basi la asubuhi pamoja na fomu za mwezi. Kupiga simu nimekata tamaa, najua umeizima kwa sababu wateja wanaulizia nguo zao.

Kiherehere wako


Jumatano, 5 Juni

Kiherehere mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimekaa, nikasimama nikaisoma tena, nikamsomea dobi aliyekuwa anateka maji, kisha nikafunga duka nikaenda mtaa wa pili kumsomea Mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akasema huenda kuna kosa mahali fulani. Nikamjibu kosa liko kwenye kisima chake. Tangu ile siku mliyotukusanya ukumbini kutufundisha, yule baba anajiona kama maji aliyagundua yeye.

Jina la Kiherehere nilikupa mimi, ulipokuwa huwezi kungoja chai ipoe, unaungua ulimi kila siku na kesho yake unarudia. Naona halijakuacha. Mwamba umepasuka! Mtaa mzima unajua sasa. Wateja wangu wawili wamesahau hata kuniuliza nguo zao.

Haya, hatua zangu. Jumamosi saa moja asubuhi, kabla watu hawajaanza kuteka, naingia uani. Kamba ni ile nyeupe mliyotupa, na nati imefungwa mwishoni. Naishusha taratibu mpaka nati iguse maji, nasikia "top". Naibana kwa vidole penye alama ya rangi nyekundu ukingoni, naivuta juu. Naitandaza kwenye meza ya kukatia, napima kama mlivyotufundisha, naandika. Meza yangu ni ndefu, sipati taabu. Mwalimu hupima sakafuni kwa kupiga magoti, na magoti yenyewe unayajua. Napima mara mbili, zikitofautiana narudia ya tatu. Miaka minne sijakosa Jumamosi hata moja. Ile niliyokuwa na homa, dobi alinishika kiuno nisitumbukie kisimani.

Huyo dobi usimsikilize akija kukwambia maji yanapungua. Analalamika eti kamba ya ndoo inakuwa fupi. Ameiunga mara mbili tangu aanze kuteka hapa, kila mara kipande cha shubiri moja. Mimi nasema ni wapangaji wa uani wanaikata kufungia mizigo yao.

Shangazi yako


Ijumaa, 7 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linaondoka.

Hiyo habari ya kamba ya ndoo nimeisoma mara nne. Shubiri mbili ni karibu sentimita arobaini. Visima vingine vyote vimeshuka karibu arobaini. Kamba ya ndoo haijui nadharia yangu, Shangazi, haina sababu ya kunipendelea wala kunionea.

Huenda kweli wapangaji wanaikata, na naomba iwe hivyo. Lakini kesho ni Jumamosi. Tafadhali pima kamba yako kwa ile futi ya chuma tuliyokupa ukumbini, kisha mwite Mwalimu aipime kamba hiyo hiyo kwa futi yake. Niandikie namba zote mbili.

Na nina swali, usinikasirikie. Umetaja kamba, nati, rangi nyekundu, meza, mpaka magoti ya Mwalimu. Futi hukuitaja.

Kiherehere


Jumapili, 9 Juni

Mwanangu,

Sina uso wa kukuandikia, ila naandika.

Futi yenu ya chuma imo kisimani. Ilitumbukia Jumamosi ya sita tangu tuanze, miaka minne iliyopita. Niliiweka ukingoni, mteja akaingia, nikageuka kumkaribisha, nikasikia "chubwi". Na wiki ile ile, ukumbini, nilikuwa nimejipiga kifua mbele ya wote kwamba kupima ni kazi ya mafundi cherehani, wengine wanabahatisha. Mwalimu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ningeanzaje kurudi na kusema yangu imezama kabla ya miezi miwili? Nikajiambia kipimo ni kipimo. Nilikuwa nimenunua tepu mpya ya kushonea, ya kitambaa, ina sentimita zake zote. Nikaitumia hiyo, nikaendelea nayo mpaka jana.

Jana nimepiga moyo konde nikaenda kwa Mwalimu kuazima futi yake. Nilitarajia acheke. Hakucheka wala hakuuliza, alichukua kofia akanifuata, na hilo limeniuma zaidi. Tukavitandaza vipimo viwili sambamba juu ya meza. Tepu yangu inaposema mia moja hamsini, chuma kinasema mia moja hamsini na sita. Nikaigeuza, nikaanzia upande wa pili. Ikawa vile vile. Kisha tukapima kamba ya kisima. Kwa tepu yangu, mita tisa na ishirini, kama siku zote. Kwa chuma, mita tisa na hamsini na saba.

Mkasi ndio ulioniponza. Nikifunga kazi natundika tepu msumarini, na ili isijikunje naifungia mkasi mkubwa kwenye ncha ya chini. Unaukumbuka ule mkasi, ulikuwa hauwezi kuuinua ulipokuwa darasa la kwanza. Halafu kila Jumamosi nailaza tepu juu ya kamba iliyolowa. Imevutika kidogo kidogo na mimi naitazama.

Utauliza wateja je. Nguo zinakaa, mwanangu. Hajarudi hata mmoja. Mwili naupima kwa tepu hiyo na kitambaa nakikata kwa tepu hiyo hiyo, kwa hiyo uongo uko pande zote mbili na gauni linatulia mwilini kama kawaida. Kisima tu ndicho kisichovaa nguo.

Maji yamekuwa yakishuka, tepu ikivutika, namba ikabaki pale pale. Nimewaambia watu miaka minne kwamba kisima chetu kizima. Futa namba zangu zote, nitafutie mtu mwingine wa kupima hapa.

Shangazi yako, mwenye aibu


Jumatano, 12 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe, kwanza nilicheka. Lile "chubwi" lilinivunja mbavu. Halafu nikakumbuka nilichofanya, kicheko kikanikauka.

Nimemwambia Mkuu kila kitu. Amesema "futa". Nikiifuta miaka yako minne, kisima chako kinabaki hakina historia, na hapo ndipo penye balaa. Wiki iliyopita, kwenye kikao cha maandalizi, nilikutana na mtaalamu wa kile kiwanda. Alikuwa mpole, akauliza kama kuna mahali maji yametulia. Sikuweza kungoja chai ipoe, Shangazi. Nilimwambia habari za kisima chako, nikamwambia na mwamba wangu uliopasuka. Sasa ombi lao limeandikwa upya. Wanataka kuchimba kwenye kiwanja kilicho nyuma ya karakana yako.

Nikipeleka namba za Mwalimu, watanijibu kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba mwamba umepasuka na visima hivyo viwili havihusiani. Kamati itauliza kama kuna ushahidi kwamba maji ya mahali pale pale yanashuka. Nitasimama pale mikono mitupu. Wakipewa kibali, pampu yao inavuta kwa siku moja maji ambayo mtaa wenu unateka kwa mwaka.

Na kuna jingine, sitaki ulisikie kwa mtu. Kwenye fomu kuna safu ya "kifaa kilichotumika". Kila mwezi uliiacha wazi. Kila mwezi, nilipokuwa naingiza namba kwenye kompyuta, niliijaza mwenyewe: futi ya chuma. Jumamosi moja moja, zaidi ya mara mia mbili. Sikukuuliza hata siku moja, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu ni wewe. Kwa hiyo aibu tugawane.

Najua leo tepu imevutika kiasi gani. Sijui ilikuwaje mwaka jana, mwaka juzi, mwaka wa kwanza. Ningejua hilo ningeweza kusahihisha kila namba yako, Jumamosi moja baada ya nyingine. Lakini ningehitaji kitu ulichokipima kwa tepu hiyo miaka ile, ukaandika namba na tarehe, na chenyewe kiwe bado kiko vile vile. Kitu gani hicho? Ripoti yangu inatakiwa mezani kwa Mkuu Jumamosi tarehe 22.

Kiherehere, ambaye leo hana haraka


Alhamisi, 13 Juni

Magauni ya harusi.

Nimeacha mteja amesimama na sketi nusu imefungwa pini ili nikuandikie. Daftari langu la vipimo lina kila kitu, jina, tarehe, kifua, kiuno, na kiuno hadi pindo. Miaka hii minne nimeshona magauni ya harusi ishirini na matatu. Yamevaliwa siku moja, yamekunjwa, yamewekwa sandukuni. Tarehe hazina ubishi, hakuna bibi harusi anayesahau tarehe yake. Kila gauni limebeba tepu yangu kama ilivyokuwa mwezi ule.

Mwalimu nimeshamwambia. Ameruka kwenye kiti, na ile miwani ikaanguka. Niambie tupime nini, tupime vipi, tunaanza hata leo.

Shangazi


Jumamosi, 15 Juni

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Barua yako nimemsomea Mkuu kwa sauti. Alitoka nje, akarudi, akasema, "Huyo mama yuko wapi siku zote hizi?" Maneno saba kwa mpigo. Hajawahi.

Sikiliza basi, na tafadhali fuata kama ilivyo, maana watatutafuta kasoro kwa tochi.

Usipime gauni lililowahi kufuliwa au kurekebishwa, vitambaa vikifuliwa hurudi na kufupika. Pima sehemu moja tu, kutoka mshono wa kiuno hadi ukingo wa pindo, upande wa nyuma. Gauni lilale mezani, lisivutwe. Mwalimu apime kwa chuma bila kuona daftari. Aandike, afunike. Kisha dobi apime, naye asione namba ya Mwalimu. Wewe usishike futi kabisa. Kazi yako ni daftari, na usilifungue mpaka wote wawili wameandika. Najua hilo litakuuma kuliko yote.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Gauni moja lisipimwe. Lichague wewe, lakini asiliguse mtu kwa futi. Nitumie likiwa limefungwa, pamoja na namba ya daftari na tarehe.

Nina siku saba.

Kiherehere


Alhamisi, 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba za wiki nzima. Miguu yangu imevimba na nina furaha kama mjinga.

Tumeingia nyumba ishirini na tatu. Mwalimu mbele na futi yake kwenye mfuko wa shati, dobi katikati na karatasi za kufunika, mimi nyuma na daftari nimelikumbatia. Nyumba ya kwanza walidhani tumekuja kudai kitu. Ya pili walikuwa wameshasikia. Ya tano walikuwa wanatungoja mlangoni, gauni limetandikwa mezani, watoto wamenawishwa mikono wasije wakaligusa. Kwenye lile la saba bibi harusi mwenyewe aliingia chumbani akatoka nalo amelivaa, zipu haikupanda hata nusu, na alikuwa anacheka mpaka machozi. Tukamwomba alivue, Mwalimu akatazama ukutani.

Matano tumeyakataa. Mawili yamefuliwa. Moja limekuwa mapazia, na nakiri mapazia yametoka vizuri. Moja alilifupisha mdogo wake. La mwisho, mwenyewe alisema hajui liko wapi, na mumewe alikuwa anatazama chini, tukaona tusichimbe. Kumi na saba tumepima kama ulivyoagiza.

Nakunakilia machache, yote yamo kwenye karatasi ya Mwalimu. La kwanza kabisa, mwezi wa pili wa tepu: daftari linasema 106, chuma kinasema 106. Mwisho wa mwaka wa kwanza: 104, chuma 105. Mwaka wa pili: 108, chuma 110. Katikati ya mwaka wa tatu: 105, chuma 107 na nusu. La mwezi uliopita: 110, chuma 114 na nusu kasoro. Pengo limepanda pole pole, halikuruka popote. Tulipofika la kumi na saba dobi alikuwa anabashiri namba kabla sijafungua, na anapatia.

Jioni tulivyokaa kwenye karakana, Mwalimu alisema kitu ambacho sitamrudishia masihara. Alisema, "Fundi, futi yangu mimi nimeitunza miaka minne na haijui habari za mtu yeyote. Tepu yako imekumbuka mtaa mzima." Nikajifanya natafuta uzi.

Gauni lisilopimwa ndilo hili. Nimelitoa kwa yule binti wa saluni, ndoa yake ilivunjika mwaka jana. Nilipomweleza, alilitoa sandukuni halina hata kunjo, akasema nilichukue na nisilirudishe, angalau lifanye kazi ya maana. Daftari: kiuno hadi pindo 107. Tarehe ya kukata: Mei, mwishoni mwa mwaka wa tatu. Nimelifunga kwa shuka jeupe, nikashona mfuko wa nje, mshono wa mkono. Mtu akilifungua njiani utajua.

Tepu nayo imo kwenye bahasha. Usiifungie mkasi.

Shangazi


Jumamosi, 29 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na nitaandika kwa mpangilio hata kama naungua.

Kamati ilikaa jana asubuhi. Mwenyekiti ni mama mmoja wa makamo, mkavu, hacheki. Mtaalamu wa kiwanda alianza. Alionyesha ramani, alionyesha mashine, kisha akarudia maneno yangu mimi: mwamba umepasuka, kisima cha fundi kimetulia, asante kwa utafiti. Nilitamani ardhi ipasuke kweli inimeze.

Nikasimama. Nikaanza na makosa. Nikasema nadharia yangu haikuwa na mguu wa kusimamia, futi ilizama, tepu ilivutika, na safu ya kifaa niliijaza mimi bila kuuliza. Mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha nikaanza kueleza magauni, na hapo mtaalamu akacheka waziwazi, akasema wao wameleta mashine na sisi tumeleta sanduku la maharusi. Baadhi ya wajumbe wakacheka naye.

Mwenyekiti hakucheka. Aliniuliza, "Kama huyo fundi alikosea miaka minne, kwa nini nimwamini leo?"

Nikamjibu, "Kwa sababu alikosea kwa kipimo kimoja, aliandika kila kitu, na amekuja kusema mwenyewe."

Nikatoa bahasha. Nikasema ndani nimeandika urefu wa kweli niliokokotoa kutokana na yale magauni kumi na saba, na kwenye mfuko huu kuna gauni ambalo halijapimwa na mtu tangu litoke mezani kwa fundi. Daftari linasema 107. Nikasema sitaligusa. Nikamwomba mtaalamu alipime yeye, kwa futi yake.

Hakuwa na pa kukimbilia. Alikata mshono wako kwa kisu cha karatasi, akalitandaza kwenye meza ya kamati, jeupe, refu, wajumbe wakasogeza vikombe vyao. Alipima mara moja. Akapima tena kuanzia pindoni. Mwenyekiti akamwambia aseme kwa sauti. Akasema mia moja na kumi, na milimita mbili. Mwenyekiti akafungua bahasha yangu mwenyewe, akaisoma, akaipitisha kwa wajumbe. Nilikuwa nimeandika mia moja na kumi, na milimita tatu.

Hakuna aliyecheka tena. Mkuu alipiga makofi, peke yake, mara tatu, kisha akaona aibu akaacha.

Kwa namba zako zilizosahihishwa, kisima chako kimeshuka sentimita thelathini na saba. Cha Mwalimu thelathini na tisa. Hakuna mwamba wa ajabu, ni maji mamoja na yote yanashuka. Kibali cha kuchimba kwenu kimekataliwa. Kiwanda kimeambiwa kama kinataka kuomba mahali pengine, kipime kwanza miaka miwili, wazi, pamoja na wapimaji wa kujitolea, na safu ya kifaa ijazwe na aliyepima.

Mtaalamu alinifuata nje. Nikajua anakuja kunisema. Aliuliza kama fundi huyo anashona suti za kiume. Nikamwambia unachelewesha.

Gauni sasa limening'inia ofisini kwa Mkuu, lina kadi yenye tarehe na namba zote. Mwambie yule binti wa saluni kwamba wageni wote wanaliuliza. Nakuletea futi mpya ya chuma mwezi ujao, nije na mtu wa kushuka kisimani atoe ile ya zamani. Na usiniambie tena habari za kutafutiwa mtu mwingine wa kupima hapo. Simjui mtu huyo na sitaki kumjua.

Kiherehere wako


Jumamosi, 6 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea karakana nzima, mlango wazi. Walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Nilipofika pale pa milimita mbili, dobi alipiga yowe na binti wa saluni akaficha uso kwenye kanga ya mwenzake, sijui alikuwa analia au anacheka, nadhani vyote. Mwalimu aliomba asomewe tena, akidai hakusikia. Alisikia vizuri sana. Wateja watatu wameniuliza nguo zao, nikawaambia nilikuwa nalinda maji yao, wakakubali kungoja. Sijui nitatumia sababu hiyo mpaka lini.

Watu wamekaa wakapanga wenyewe. Wapangaji walinitaka niwaombe msamaha, maana hawakuwahi kuikata ile kamba hata kidogo, nami nikawaomba radhi mbele ya watu. Bomba la kuoshea magari pale kona limefungwa kwa makubaliano, dobi anafulia kwa zamu. Vijana sita wanataka kujifunza kupima. Nimewaambia somo la kwanza ni kutoweka kitu ukingoni.

Futi mpya niletee, nitaifunga kamba shingoni. Lakini huyo mtu wa kushuka kisimani mwache nyumbani. Leo asubuhi, baada ya kupima, niliinama nikatazama chini kwa muda mrefu. Maji ni meusi, nimeona uso wangu tu. Ile futi iko huko chini ya uso wangu. Acha ikae. Siku nitakayoinama nikaiona inang'aa, nitajua bila kupima kwamba tumekwisha. Miaka minne nilikuwa naomba mtu asijue iko wapi. Sasa kila Jumamosi nitaomba nisiione.

Fomu ya mwezi hii hapa. Usiguse kitu.

Tarehe: 6 Julai. Saa: moja asubuhi. Kina: mita tisa, sentimita hamsini na nane. Mashahidi: Mwalimu, dobi. Kifaa kilichotumika: futi ya chuma ya Mwalimu, nimeazima, na ameniomba niirudishe leo leo.

Shangazi yako,
Mpimaji